Methali Iliyonitaja

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani ni ya mvuje. Mama aliutia kidogo tu, kiasi cha punje ya mtama, ndani ya samli iliyokwisha kupata moto, na papo hapo nyumba yetu ya ghorofani, katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, ikajaa harufu nzito inayokwaruza pua. Kisha dengu zikamiminwa juu yake, zikalia, na harufu ikalainika ikawa tamu. Kwetu hiyo ilikuwa harufu ya chakula cha mchana. Kwa majirani zetu mvuje ulikuwa dawa: ulifungwa ndani ya kitambaa cheusi akavishwa mtoto mchanga, shetani asimsogelee. Sikujua kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na kazi mbili namna hiyo mpaka siku niliyoanza darasa la tano katika skuli ya serikali. Msichana niliyekalishwa naye dawati moja alinusa sare yangu, akanikodolea macho, akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe mkubwa hivi bado unafungwa mvuje? Kwani kwenu kuna shetani?" Nikamjibu kuwa kwetu tunaula kwa wali. Alicheka mpaka mwalimu akageuka kutoka ubaoni. Jina lake Rukia, na kuanzia siku ile hakukubali mtu mwingine akae mahali pangu.

Mimi naitwa Kanta. Sisi ni Wahindi wa dini ya Kihindu, wale ambao watu wa mjini huwaita Mabaniani, na wakati wa utoto wangu tulikuwa tumebaki wachache. Wengi walikuwa wamekwenda Dar es Salaam na mbali zaidi, na kila familia iliyoondoka iliacha mlango mmoja zaidi uliofungwa kwa kufuli. Kabla ya darasa la tano nilisomeshwa pamoja na watoto wengine wa jamaa zetu katika chumba kimoja nyuma ya hekalu, lakini mwalimu wetu naye alipohama, chumba kikafungwa, na baba akanipeleka skuli iliyokuwa karibu na nyumbani. Baba alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani. Duka lake lilikuwa chini ya nyumba, chumba chembamba kama uchochoro, chenye meza moja na harufu ya mafuta ya mashine, na mafundi wa kushona kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikuja na vyerehani vyao vilivyokwama, wakakaa kwenye baraza kusubiri, na kusubiri kwao kulikuwa ni kusema. Hapo ndipo nilipojifunza Kiswahili chenye viungo. Fundi mmoja akilalamika juu ya mteja msumbufu, mwenzake humjibu kwa methali, wa tatu akaongeza nyingine, na mimi nimekaa kwenye ngazi nazidaka moja baada ya moja kama mtoto mwingine anavyookota zambarau. Kwa hiyo nilipoingia darasa la tano sikuwa na hofu ya lugha. Hofu yangu ilikuwa sare, na ule ushungi mweupe ambao mama hakujua aufunge vipi hata usiniangukie machoni.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu niliiona mapema. Kiarabu nilisoma kama wenzangu wote, nikakipenda, hasa kuandika kutoka kulia, lakini kilipoingia kipindi cha Dini nilitakiwa nitoke. Maalim alikuwa mtu mwema na alinitoa kwa heshima, akiniambia, "Nenda mwanangu, ukapumzike." Shida ni kwamba hapakuwa na pa kwenda. Hakuna aliyewahi kufikiri mtoto kama mimi asome nini wakati ule. Nilikaa kwenye kidaraja cha mlango, nikisikiliza sauti za wenzangu kupitia dirishani, na kwa kuwa sikuwa kiziwi nikazijua sura fupi zote bila mtu kunifundisha. Mwisho wa muhula nafasi ya somo la Dini kwenye ripoti yangu iliwekwa mstari, lakini jumla ya alama iligawanywa kwa masomo yote, kwa hiyo nilishuka nafasi kwa somo nisilosomeshwa. Katika historia tulikuwa na sentensi moja tu: Wahindi walikuja kufanya biashara. Rukia aliisoma, akaniangalia, akaninong'oneza, "Mbona baba yako hana biashara, ana spana?" Mambo haya hayakuniumiza sana. Niliyahesabu kama mvua ya masika: huinyeshea skuli nzima, mwenye bahati mbaya ndiye anayekaa chini ya bati linalovuja.

Somo nililotamba nalo lilikuwa Kiswahili. Mwalimu wetu, Bi Zuhura, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na kila Alhamisi aliacha sarufi akatufundisha methali. Aliita mwanzo, sisi tukamalizia, na mara nyingi mkono wangu ndio uliotangulia. Alinipenda kwa hilo, na hakuficha. Mwisho wa muhula ule kulikuwa na mashindano ya methali baina ya darasa letu na darasa la jirani, mbele ya wazazi, na Bi Zuhura alitangaza kuwa mimi ndiye nitakayekaa mbele ya safu yetu. Nilikwenda nyumbani nikiruka madimbwi. Baba aliwaambia mafundi wote, na kila aliyekuja na cherehani kilichokwama alinijaribu kwa methali kabla hajasema kilichomleta.

Siku chache baadaye Bi Zuhura aliandika methali mpya ubaoni kutoka kwenye buku. Alikuwa ametupa mgongo, chaki ikilia, nami nilikuwa nikisoma kila neno linavyotoka mkononi mwake. Akaandika: Baniani mbaya. Kisha akaweka nukta za kuachia nafasi, akageuka, akauliza, "Nani ataimalizia?" Darasa lilikaa kimya kidogo, kimya cha watu wanaojua jibu. Nami nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisikia barazani mara nyingi, mafundi wakimtania baba, naye akicheka na kuwarudishia. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka nusu kwa mazoea, nikaushusha. Nyuma yangu kijana mmoja aitwaye Hamadi akapaza sauti, "Kiatu chake dawa!" Darasa zima likaangua kicheko, na vichwa vyote vikanigeukia. Bi Zuhura aligonga ubao, akaeleza kwamba maana yake ni kuwa mtu usiyempenda anaweza kuwa na kitu kitakachokufaa, akaenda kwenye methali inayofuata. Hakunitazama. Nakumbuka zaidi huko kutonitazama kuliko kicheko.

Kuanzia siku ile sikuwa Kanta tena, nilikuwa duka la dawa. Mtoto akikuna kichwa alinijia, "Kanta, nivulie kiatu, kichwa kinaniuma." Mwingine tumbo, mwingine jino. Mwanzoni nilicheka nao, kwa sababu yalikuwa mambo ya kuchekesha kweli, na kwa sababu nilikuwa nimemwona baba akicheka. Lakini mzaha unaorudiwa kila siku huota meno. Nikaanza kuficha miguu chini ya dawati. Rukia aligombana na watu kwa ajili yangu mpaka ushungi wake ukachanika. Halafu siku moja ya mvua, wakati wa mapumziko, Hamadi na wenzake walinivua kiatu cha kushoto kwa nguvu, wakakirusha mkono kwa mkono, kila anayekidaka akijigusa nacho mahali panapouma na kupiga kelele kuwa amepona. Mmoja akakikosa. Kiatu kikaangukia mtaroni, maji ya mvua yalikuwa yakipita kwa kasi, kikaelea, kikapinda kona, kikapotea. Wote tukasimama kukitazama. Nafikiri hata Hamadi hakukusudia kife hivyo.

Nilirudi nyumbani na kiatu kimoja, soksi ya mguu wa pili imekuwa tope. Baba alikuwa na bisibisi mkononi. Hakuuliza kitu mpaka nilipomaliza kulia, kisha akaniuliza taratibu, nami nikamweleza yote tangu ubaoni. Bibi, mama yake baba, alikuwa akisikiliza kutoka juu ya ngazi, na jioni ile nyumba yetu iligeuka baraza la Kigujarati. Bibi alitaka nitolewe skuli kesho yake. Mama alitaka nipelekwe Dar es Salaam kwa mjomba, ambako kulikuwa na skuli yenye watoto wengi wa kwetu. Baba hakutaka lolote kati ya hayo, lakini hakuwa na hoja, akabaki kufuta bisibisi ambayo ilikuwa safi. Mwisho alisema nimalize muhula, kisha tutaona. Nilijua maana ya tutaona. Nilikwisha kuiona milango yenye kufuli.

Asubuhi alinipeleka skuli nikiwa nimevaa malapa. Bi Zuhura alitupokea kwenye veranda ya ofisi.

"Karibu, Bwana Jivan," alisema. "Habari ya kiatu nshaipata. Hao watoto nitawashika."

"Ahsante, mwalimu. Lakini sikuja kwa kiatu," baba alimjibu. "Nimekuja kuuliza. Methali ile, ni lazima?"

Bi Zuhura alivuta pumzi. "Imo kwenye buku. Sikuitunga mie. Leo nikiipita, mtihani hautaipita, na watakaoanguka ni watoto wangu. Huyu wako mmoja wao."

"Nakufahamu," baba alisema. "Mie mafundi wananitania nayo kila siku, nami n'na zangu za kuwarudishia. Tunacheka, tunakunywa chai. Lakini mie mtu mzima, n'na pa kuirudisha. Huyu mtoto ataipeleka wapi?"

Bi Zuhura alinitazama mara ya kwanza tangu siku ile ya ubao, akatazama na malapa yangu, kisha akasema, "Hilo sikulifikiri." Ndivyo walivyoachana. Hakuna aliyemshinda mwenzake, na nadhani hakuna aliyekuwa na kosa ambalo angeweza kulisahihisha pale pale. Hamadi na wenzake walifagia uwanja wiki nzima. Utani ukapungua mdomoni ukabaki machoni, na nyumbani mama akaanza kuzungumza na mjomba kwa simu, akiteremsha sauti kila nilipoingia. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mtu mzima angesema ni skuli tu, zipo nyingi. Mimi nilimwona, kwa mawazo, Rukia akikaa dawati lile peke yake.

Siku ya mashindano mvua ilikatika. Madawati yalitolewa uwanjani, wazazi wakakaa upande mmoja, kina mama kwa mabuibui yao, baba akiwa peke yake amevaa shati jeupe na tai ambayo sikuwahi kuiona. Mama yake Rukia, Bi Asha, alimsogezea kiti kivulini. Safu zetu mbili zilisimama zikitazamana. Utaratibu ulikuwa rahisi: upande mmoja unatupa mwanzo wa methali, wa kwanza katika safu ya pili anamalizia, akishindwa, zamu inakwenda kwa wa pili, kisha wa tatu. Nilikuwa wa kwanza, Rukia wa pili, Hamadi wa tatu, kwa sababu, pamoja na yote, Hamadi alizijua methali. Tulianza vizuri. Walitupa nikadaka, tukatupa wakayumba. Nilisahau Dar es Salaam, nikasahau kila kitu. Bi Zuhura alikuwa akijizuia kutabasamu, maana yeye ndiye mwamuzi.

Tulipokuwa tumebakisha alama moja tu kushinda, msichana wa upande wa pili, ambaye simlaumu kwani alitoa iliyomjia, aliita kwa sauti nyembamba, "Baniani mbaya!"

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, maneno matatu mepesi, na nilijua kuwa nikiyasema tumeshinda. Nilimtazama baba. Alikuwa akitazama ncha ya tai yake. Masikio yaliniwaka moto. Sikusema kitu, na kunyamaza kwangu hakukuwa ushujaa. Bi Zuhura alisubiri, akasema kwa taabu, "Zamu ya pili. Rukia."

Rukia alisimama wima, mikono nyuma, akamtazama mwalimu usoni, akanyamaza.

"Rukia. Umesahau?"

"Sikusahau, mwalimu. Sitaki."

Mnong'ono ukapita kwa wazazi. Mtoto kumwambia mwalimu sitaki, mbele za watu, na mama yake yupo! Bi Asha aliinua mkono akaufunika mdomo. Bi Zuhura alisimama na kalamu yake, na hapo nilimwona kama mtu aliyefika njia panda akiwa na mzigo kichwani. Kabla hajasema lolote, Hamadi, ambaye subira haikuwa tabia yake, akapasua, "Kiatu chake dawa!" Alama ikawa yetu, tukashinda, darasa langu likaruka juu kwa vifijo. Hamadi alinipiga bega kwa furaha. "Tumeshinda, Kanta!" aliniambia, na uso wake haukuwa na ubaya hata kidogo. Alifanya alichofundishwa.

Watu walipokuwa wakitawanyika Bi Asha alimvuta mwanawe pembeni, na nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. "Yale maneno gani ulimwambia mwalimu?" Rukia alijibu, sasa machozi yakimlengalenga, "Mama, ningeisema vipi, naye yupo ubavuni pangu?" Bi Asha hakumgombeza. Alimtengeneza ushungi, kisha akaja akanitengeneza na wangu, ambao kama kawaida ulikuwa umeniangukia machoni. Baba alishuhudia yote hayo. Tulipofika mlangoni akamkuta mama amekwisha kuteremsha sanduku la safari kutoka juu ya kabati. "Lirejeshe," alimwambia. "Kanta haendi Dar. Hapa ana mtu." Mama aliniangalia muda mrefu, kisha akalirejesha. Bibi alinuna siku kadhaa, lakini bibi alinunia hata mwezi ukichelewa kuandama.

Muhula mpya ulipoanza, Alhamisi ya kwanza, Bi Zuhura aliandika methali ileile ubaoni, yote, bila nukta. Moyo ulinishuka. Lakini safari hii hakutaka tuimalizie. Alituuliza: nani aliisema mara ya kwanza? Alikuwa anamwambia nani? Baniani mwenyewe alikuwepo? Hatimaye Hamadi ndiye aliyeuliza, "Mwalimu, huyo Baniani alifanya ubaya gani?" Bi Zuhura alifungua buku, akalitazama kana kwamba jibu lingeweza kuwemo, akalifunga. "Buku halisemi," alisema. "Mtihani utawauliza, kwa hiyo mtaijua. Lakini anayeitumia na ajue kuna mtu ndani yake." Jioni ile nilimwuliza bibi kama sisi nasi tuna methali juu ya watu wa hapa. Bibi alicheka, akakataa kusema. Baadaye baba aliniambia kwa sauti ndogo. Ipo, na sitaiandika hapa.

Leo mimi mwenyewe ni mwalimu wa Kiswahili, katika skuli moja ya Fumba. Nyumba mpya zinajengwa, na wajenzi wamekuja na watoto wao: Wamakonde, Wanyamwezi, Wasukuma, wamekaa madawati mamoja na watoto wa wavuvi waliozaliwa hapa. Mabuku yetu yana rangi siku hizi, na picha zake zina watoto wa kila namna wameshikana mikono. Walimu tunaitwa semina, tunaambiwa tusimwache mtoto yeyote nyuma, na nakubali kwamba hilo halikuwepo zamani. Zamani tulimtegemea mtoto mmoja mwenye ubishi. Lakini picha ni jambo moja na swali ni jingine. Mwaka huu nilisimamia mtihani wa pamoja, na insha ilikuwa moja tu, isiyo na ya kuchagua: Sikukuu ya Idi nyumbani kwetu. Watoto waliinamisha vichwa, kalamu zikaanza kukimbia. Paulina, binti wa mwashi kutoka Mtwara, Mkristo, aliinua mkono. Nikamwendea.

"Mwalimu," aliniuliza kwa kunong'ona, "kwetu hatusali Idi. Niandike ya kwa nani?"

Msimamizi haruhusiwi kusaidia. Nilifikiri juu ya msahihishaji nisiyemjua, mahali nisipopajua, mwenye rundo la karatasi mbele yake na haraka ya kwenda nyumbani. Nikamwambia, "Andika ya kwenu." Alikaa kitambo akitafuna ncha ya kalamu, kisha akainama. Niliporudi kupita nyuma yake niliiona sentensi yake ya kwanza, kwa mwandiko wa duara uliokaa vizuri juu ya mstari: "Siku ya Idi, nyumbani kwetu tunavaa nguo nzuri, tunakaa kimya, tunamsubiri jirani abishe hodi."